Kurasa Tupu za Darasa la Mchana

Mwezi uliopita nilistaafu kwa hiari, nikiwa na miaka hamsini na mitano, baada ya kufundisha Kiingereza katika skuli ya sekondari hapa Ole, Pemba, kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilikusudia wiki mbili. Walimu vijana wa somo hili wameniomba niwaandikie ninayoyakumbuka, na nimekubali kwa sharti kwamba vyeo na mishahara nitaviacha nje. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Sikuanza kazi nikiwa mwalimu. Niliajiriwa kutunza stoo ya skuli: chaki, majembe ya bustani, mipira miwili ambayo mmoja wake ulikuwa umepasuka, na makasha ya vitabu ambavyo mchwa walikuwa wamewatangulia wanafunzi kuvisoma. Stoo ina kazi asubuhi na wakati wa kufunga. Katikati hapo mtu ana hiari ya kulala au kusoma, nami usingizi wa mchana unaniumiza kichwa. Kitabu changu cha kwanza cha sarufi ya Kiingereza kilianzia ukurasa wa arobaini na moja, kwa hiyo nilijua wakati uliopita kabla ya kujua wakati uliopo. Kwa karibu mwaka mzima niliweza kueleza kwa Kiingereza safi mambo niliyoyafanya jana, lakini sikuweza kusema ninafanya nini sasa.

Kisha mwalimu wa Kiingereza akahamishiwa Unguja, na mwalimu mkuu akaja kusimama mlangoni mwa stoo.

"Wewe si ndiye unayesoma yale mabaki ya mchwa?"

"Ndimi, Mwalimu."

"Basi kamata chaki. Wiki mbili tu, mpaka waniletee mtu."

Mtu huyo hakuletwa. Vyeti nilivisomea baadaye, kwa posta na kwa likizo, kimoja baada ya kimoja, lakini hayo ni mambo ya faili.

Siku yangu ya kwanza darasani, kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni, msichana mmoja wa mstari wa mbele alinyanyua mkono. Alitaka kujua kwa nini neno la Kiingereza la kisu, *knife*, linaanza kwa herufi k ilhali hakuna anayeitamka. Nilimjibu, "Sijui. Nitakujibu kesho." Darasa zima likacheka, na mimi nikahisi masikio yanawaka. Leo nawaambieni kwamba sijawahi kutoa jibu bora kuliko lile, mradi kesho yake mtu awe na jibu kweli.

Jibu nilikwenda kulitafuta Chake Chake kwa Bi Zuwena. Alikuwa mwalimu wa zamani, wa zile nyumba zilizokuwa na mashamba makubwa ya mikarafuu. Mashamba yalikuwa yameshakwenda, na kilichobaki ni nyumba yenye ngazi ndefu, makabati ya vitabu, na kamusi moja ya Kiingereza kubwa kama mto wa kulalia, inayoeleza kila neno limetoka wapi. Sikuwa najuana naye. Nilipiga hodi, nikatoa salamu, nikaanza kujieleza.

"Kaa kitako, mwanangu," akanikata. "Umekuja na swali au umekuja na njaa?"

"Na swali, Bibi."

"Utakula kwanza. Mie sijibu watu wenye njaa, husikia nusu."

Baada ya muhogo na samaki ndipo alipofungua kamusi, akashika lenzi yake, akanionyesha. Ile k ilikuwa hai hapo zamani. Wazee wa Kiingereza walikuwa wakiitamka waziwazi, kwenye *knife* na kwenye *know* na kwenye ndugu zao wote. Watu wakaichoka, wakaiacha mdomoni, lakini mkono ulikuwa umeshazoea kuiandika.

"Na mbona hawaifuti, Bibi, ikiwa haina kazi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Na nyinyi huko kwenu, ile nyumba ya babu yenu isiyokaliwa na mtu, mbona hamjaibomoa?"

Kesho yake nikalipeleka jibu darasani pamoja na mfano wa nyumba. Yule msichana aliiandika k yake bila manung'uniko, na tangu siku hiyo hakuna aliyecheka niliposema sijui. Nilikwenda kwa Bi Zuwena kila Alkhamisi kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi alipofariki, Mungu amrehemu. Kila nilichofundisha chenye thamani kilianzia kwenye meza yake.

Yeye ndiye aliyenianzishia kadi. Alisema neno usimpe mwanafunzi peke yake kama mgeni asiye na barua. Mwambie limetoka wapi na limefika na nani. Kwa hiyo nikawa nakata majalada ya madaftari ya zamani, nikaandika kadi moja kwa kila neno, mistari mitatu: neno lenyewe, kwao, na njia lililopita. Nilizipanga ndani ya makasha ya viatu. Zile nilizokuwa na shaka nazo niliziwekea alama nyekundu na kasha lao peke yao, na nawashauri mfanye hivyo hivyo, kwa sababu historia ya maneno imejaa hadithi tamu ambazo si za kweli, na mwalimu asiye na kasha la shaka atazifundisha zote.

Kadi ziliondoa hofu. Mtoto wa Ole anayedhani Kiingereza ni lugha ya watu wasiohusiana naye hata kidogo, mwonyeshe kwamba *sugar* na sukari ni neno moja lililopita kwa Waarabu, jamaa mmoja akaelekea Ulaya na mwengine akaja kwetu. Mwonyeshe *coffee* na kahawa. Mwonyeshe kwamba *safari* yetu wameichukua wao nzima nzima wala hawajabadilisha herufi. Baada ya hapo anakaa sawasawa kitini.

Kadi niliyoitumia kuliko zote ni ya *you*. Wanafunzi huuliza kwa nini mtu mmoja huambiwa *you are*, kwa kitenzi kile kile wanachopewa watu wengi. Jibu ni kwamba neno hilo lilikuwa la wengi. Wa umoja alikuwa na neno lake, *thou*, lakini watu wakaona ni adabu kumwita mkubwa kwa neno la wengi. Heshima ikaenea kwa wakubwa, ikaenea kwa wageni, ikaenea kwa kila mtu, mpaka lile la umoja likafa kwa kukosa wa kuambiwa. Hivyo Mwingereza akimfokea mbwa wake leo, anamfokea kwa heshima kubwa.

Sasa nije kwenye kesi ngumu kuliko zote, ambayo ndiyo hasa niliyoombwa niiandike.

Miaka michache kabla ya kustaafu nilianzisha darasa la mchana, baada ya sala ya adhuhuri hadi karibu na alasiri, mara mbili kwa wiki, kwa watu wazima waliotaka kurudia mtihani wa Kidato cha Nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Walijiandikisha saba, wote wanawake, wote wenye watoto. Sita walikuwa wa Ole na jirani. Wa saba, Riziki, alikuwa akitoka Chokocho, gari mbili kuja na mbili kurudi, kwa sababu huko kwao darasa la aina hiyo halikuwepo.

Riziki alikuwa mhudumu katika kituo cha afya. Alifagia, alichemsha vyombo, aliwashika mikono wazazi wakati wa uchungu. Alitaka kwenda chuo cha ukunga, na masomo mengine yote yanayohitajika alikuwa nayo. Kiingereza ndicho kilichomzuia. Alikuwa ameshaanguka mara mbili. Siku ya kwanza aliniambia mambo yake yote kwa sentensi tatu, akiwa amesimama.

"Maalim, hii ya tatu. Mama'angu ananilelea watoto, na macho yake yanakwisha; amesema mwaka huu mmoja tu. Nikikosa safari hii, basi tena, nakaa."

Nikamwambia tutajitahidi. Nilikuwa na makasha kumi na sita ya kadi na sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Na kwa kweli walijifunza vizuri ajabu. Niliwafundisha kuchambua sentensi kama wanavyochambua karafuu, kila mtu na rundo lake mbele yake: kitenzi huku, mtendaji huku, makonyo, vile vijiti vilivyoshika karafuu, pembeni. Mikono yao ilikuwa imeizoea kazi hiyo tangu utotoni na vichwa vikafuata. Kadi ya *you* iliwafurahisha hasa.

"Kwa hiyo hata wao walikuwa wakiamkiana kwa adabu?" aliuliza Saumu, aliyekuwa mcheshi wa darasa.

"Walikuwa."

"Lo! Basi adabu yenyewe iliwaishia njiani, haikutufikia."

Mwezi wa sita nikawapa mtihani wa majaribio niliotunga kwa mfano wa ule wa kweli: ufahamu, sarufi, barua, na mwisho insha yenye alama nyingi kuliko sehemu yoyote. Kichwa cha insha kilikuwa siku ambayo familia yangu haitaisahau. Nilikaa ofisini kusahihisha huku nikitabasamu. Sarufi, vema. Ufahamu, vema sana. Nikafika kwenye insha ya kwanza na ukurasa ulikuwa mtupu. Nikadhani muda ulimwishia. Ya pili, tupu. Nikafungua zote saba kwa mpigo na kuzitandaza mezani. Hakuna aliyeandika hata mstari. Riziki alikuwa ameandika kichwa cha habari kwa mwandiko mzuri, akakipigia mstari kwa rula, akaishia hapo. Kwa hesabu hiyo, kama ungekuwa mtihani wa kweli, angeanguka mara ya tatu.

Hapa nilifanya kosa ambalo nataka mlijue. Nilikasirika. Niliingia darasani nikawauliza kama wamenisusia. Niliwaambia mtoto wa Kidato cha Kwanza angalau angeandika jina la babake. Walinisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa, wanawake wazima saba. Nilipomaliza, Riziki akasema polepole, bila kunitazama:

"Maalim, nikuulize. Ile karatasi inasomwa na nani?"

"Na msahihishaji."

"Yuko wapi?"

"Bara huko, sijui mji gani."

"Mwanamme?"

"Pengine. Sijui."

"Sasa mtu nsiyemjua, mwanamme wa watu, yuko Bara, mambo ya nyumbani kwangu anayatakiani?"

Saumu akadakia, "Mie mume wangu hata mama'ake hajui tunakula nini. Leo nikamwandikie msahihishaji?"

Wote wakacheka, na mimi nikabaki na chaki mkononi. Nimezaliwa kisiwa hiki. Mama yangu alitulea kwa kanuni hiyo hiyo: mambo ya nyumbani hayavuki kizingiti. Ningeulizwa na mgeni barabarani kuhusu siku ambayo familia yangu haitaisahau, nami ningemwambia hatujambo, tunamshukuru Mungu, na kushika njia yangu. Lakini nilikuwa nimekaa na vitabu vya watu wengine muda mrefu kiasi kwamba niliona swali lile ni la kawaida. Ikanijia pia kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikiwapa wanafunzi wangu alama sifuri katika insha za aina hiyo na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: *msamiati hautoshi*.

Nikawaambia, "Basi si lazima iwe kweli. Tungeni tu."

Ikawa mbaya zaidi. "Tuseme uongo, Maalim?" aliuliza Riziki. "Kwa maandishi? Na jina langu juu?"

Alkhamisi ile nilimfikia Bi Zuwena bila hata kadi moja mkononi. Alikuwa angali hai wakati huo, mzee sana, sauti imeshuka, ila hajapoteza kitu. Nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Bibi yako alikuwa akikuhadithia hadithi?"

"Alikuwa."

"Sungura akisema, simba akijibu. Alikuwa muongo?"

"Hasha, Bibi. Ilikuwa ni hadithi. Yeye husema *paukwa*, sisi tukaitika *pakawa*."

"Enhe. Na ukishaitika, umeridhia. Hakuna aliyedanganywa." Akagonga meza kwa kidole. "Sasa yule aliyetunga swali la mtihani, hao wanafunzi wako wamemwendea wao, au yeye ndiye aliyekuja kwao kutaka kusimuliwa?"

"Yeye, Bibi."

"Yeye ndiye aliyesema paukwa, mwanangu. Wao wanaitika tu. Na huko kwao wanajua hivyo. Hakuna msahihishaji anayepanda boti kuja kukagua nyumba ya mtu."

Jibu hilo nililipeleka darasani neno kwa neno. Sita waliridhika. Saumu, ambaye babake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akasema hawezi kuandika mpaka amuulize. Kipindi kilichofuata akarudi na jibu.

"Nimemwambia tunataka kutunga familia ambayo haipo. Kaniuliza, 'Wanaswali?' Nikamwambia wataswali. Kasema, 'Basi andikeni.'"

Tukaanza kumtafutia jina mama wa nyumba yetu ya kutunga. Hili mtu asiyekaa Pemba atadhani ni kazi ya dakika moja. Sharti lilikuwa kwamba asiwe jamaa wa yeyote, watu wasije wakasema tumemwandika mtu. Wakataja Mkasi: shangazi yake Saumu. Wakataja Salama: jirani. Bimkubwa, mke wa kaka. Kila jina lilikuwa na mtu wake, na kila mtu alikuwa na habari zake, na alasiri ikakaribia tungali hatuna hata mama wa familia. Mwishowe Riziki akasema tumchukue mbali kabisa, tumwite Rozi, jina lililokuwa kwenye zoezi la kitabu. Wote wakakubali kwa kishindo. Hakuna mwenye Rozi kwao.

Ningenyamaza pale tungeokoa muda. Lakini kadi ya *rose* nilikuwa nayo, na si ya kasha la shaka sana, nikashindwa kujizuia. Nikawaeleza kwamba wataalamu wengi wanaona *rose* ya Wazungu na waridi letu ni neno moja, lililotokea nchi za Waajemi zamani sana. Tawi moja likapita kwa Wagiriki na Warumi, jengine likaja na Waarabu.

Saumu akashika kichwa.

"Maalim! Waridi ni bibi'angu, mzaa mama!"

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kufuta machozi. Tukapiga kura, na Rozi akabaki, kwa hoja ya Riziki kwamba ujamaa wenyewe ni wa mbali mno, hata mirathi haufiki.

Kuanzia siku hiyo Rozi akawa na nyumba ya mawe, mume mwenye kukoroma, mama mkali, watoto wanne, na ng'ombe mkorofi. Wanawake ambao hawakuwa wameandika mstari mmoja sasa waligombania nani ampeleke Rozi harusini na nani amwuguze. Kiingereza kilichokuwa kimelala ndani ya vichwa vyao kwa miezi kikatoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Ilibidi niwagawe, kila mmoja atunge nyumba yake na jina lake, kwa sababu watahiniwa saba wa kisiwa kimoja wenye ng'ombe mmoja wangefutiwa mtihani wote. Rozi mwenyewe nilimwachia Riziki, aliyemzua.

Siku ya mtihani niliwasubiri nje ya geti. Sikuwa na kazi pale. Niliwaambia nimepita tu. Walipotoka, Riziki alikuwa wa mwisho, kalamu bado mkononi.

"Imekuja?" nikamuuliza.

"Imekuja. Mtu aliyekulea, na siku moja uliyomwona tofauti."

Lilikuwa swali la ndani kuliko hata langu. "Umeandika?"

"Kurasa tatu, Maalim. Niliomba karatasi ya ziada."

"Umeandika nini?"

"Mambo ya Rozi," akasema, akavuta mtandio wake vizuri, akaenda zake kutafuta gari ya Chokocho.

Matokeo yalitoka wakati nimeshafunga darasa kwa likizo. Nilikuwa nyumbani, natengeneza mguu wa meza, simu ikalia.

"Maalim, assalamu alaykum. Uko kitako?"

"Nimesimama, nimeshika nyundo."

"Iweke chini."

Nikaiweka.

"B, Maalim! Kiingereza, B! Mwanangu kaniangalizia kwenye simu, nikamwambia angalia tena, kaangalia mara tatu, B ile ile!" Nyuma yake nilisikia vigelegele, na sauti ya mwanamke mzee ikiuliza kwa nguvu hiyo B ndiyo nini, na watoto wakimjibu kwa pamoja. Nami, mtu ambaye katika maisha yangu yote ya kazi sikupata kupaza sauti kwa furaha, nilipaza, na mke wangu akatoka jikoni akidhani nimejipiga kidole.

Wenzake watano walifaulu vilevile. Wa saba alifaulu mwaka uliofuata. Kwa darasa la watu saba ambao mimi mwenyewe niliwapa sifuri mezani kwangu, sijui niseme nini zaidi ya kwamba tulishinda, na tulishinda kwa ushindi mkubwa. Tangu hapo sikutoa tena kichwa cha insha bila kwanza kusema, kwa Kiswahili na kwa sauti, kwamba anayeuliza ndiye aliyesema paukwa. Matokeo ya insha ya skuli yetu yalipanda na hayakushuka. Wakaguzi waliponiuliza ninatumia mbinu gani niliwaeleza, wakaandika kwenye ripoti kwamba mwalimu anatumia mbinu shirikishi.

Riziki akaenda chuoni, akamaliza, akarudishwa kwao kusini. Mwaka jana mjukuu wangu alizaliwa huko, mikononi mwake. Binti yangu alikuwa amepata shida, tulikuwa nje tangu alfajiri, na ilipokaribia saa nne Riziki alitoka amevaa sare nyeupe, akanipa habari njema, kisha akakaa nami kidogo kwenye benchi kupumzisha miguu. Nikampongeza. Nikamwambia nilikuwa sijapata kujua kwa nini hasa alitaka ukunga, miaka ile yote ya kupanda gari mbili.

Alicheka kidogo.

"Wewe hukusoma, Maalim. Msahihishaji kasoma."

Nikamuuliza kasoma nini.

"Ile insha ilikuwa kweli. Yote, tangu mwanzo. Mama'angu, ile nyumba, mvua, mdogo wangu aliyezaliwa hana roho kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsaidia, na mama akawa haniruhusu nilie, watu wasisikie. Nilikuwa na miaka tisa. Sijapata kumwambia mtu, hata mume wangu. Siku ile nikampa Rozi, akaibeba."

Ndani mtu akamwita, "Bi Riziki!" Akasimama, akanyoosha sare yake, akaingia kwa mzazi mwengine.